Cheti cha Tatu

Cheti cha kwanza kilisema mgongo.
Cha pili, mgongo.
Cha tatu kilipofika, kimekunjwa mara nne,
kinanukia sabuni ya kufulia,
mkurugenzi alikisoma kwa sauti
akauliza Banza ana migongo mingapi.
Tukacheka. Nami nilicheka. Niliseme hilo mapema.

Kulikuwa na maneno yasiyo na mwenyewe,
yametanda ghalani kama vumbi la unga:
ameonekana soko la Kenya, gunia la makala begani
(ndivyo tuitavyo makaa huku Lubumbashi),
ameonekana Ruashi, anacheka.
Numbi wa mizani aliapa kwa kaburi la babaye
kwamba mgonjwa wa mgongo hainami vile.

Nikapewa fomu namba saba
na nauli ya kwenda tu.

Katuba, Jumanne, saa nne asubuhi.
Mwezi wa tisa. Vumbi jekundu hadi kwenye meno.
Njiani nilijipanga: nitamkuta juu ya paa la mtu,
au kilabuni, nitaandika saa, nitaandika amevaa nini.
Nilitaka nimkute. Kweli nilitaka.

Lango la bati. Ndoo sita zimepangwa kwa kimo.
Na Banza ameinama,
sawasawa na alivyoapa Numbi,
mgongo mzima, mnyofu kama ubao,
mikono yote miwili chini ya mkewe,
akimtoa ndani kumlaza mkekani penye jua
kama mtu anayehamisha sufuria ya moto isimwagike.

Hakushtuka. Alisema, "Subiri kidogo, mama,
nimalize mguu huu."
Nikasimama na fomu yangu.
Akamfuta vidole, kimoja kimoja.
Kile kidogo akakirudia.

Halafu akaniletea kiti.
"Nilimwomba daktari aandike mgongo
kwa sababu mgongo ndio wangu.
Ningeandika ugonjwa wa Ngoie, mngeniambia
huyo hayumo kwenye orodha ya mishahara.
Kitabu chenu cha kanuni nimekisoma.
Akifa, nina siku nne.
Akiwa hai, sina hata moja."

"Na makala?"
"Maji yake nichemshe kwa nini?
Umeme hatujauona tangu Jumapili ile nyingine."
"Na Ruashi? Ulikuwa ukicheka?"
Akafikiri. Alifikiri kweli.
"Huenda," akasema. "Ilikuwa siku gani?"

Mimi si mwongo, sikulelewa hivyo.
Nilirudi kwa miguu, viatu vyekundu,
nikaandika: mgongo ni mzima.
Nikaandika: cheti si cha kweli.
Chini, penye mistari miwili ya Maoni, nikaandika:
Kanuni yetu ina siku ngapi
za mtu ambaye bado hajafa?

Fomu ilirudi na wino mwekundu:
Maoni si swali.

Wangeweza kumfukuza. Walimkata mishahara miwili,
wakaita huruma.
Jumatatu saa kumi na mbili alikuwa kwenye chekeche,
mweupe hadi nyusi.
Alinisalimu, jambo ambalo sikulitaka.
Nani sasa anamwogesha Ngoie, sikuuliza.

Mvua za mwezi wa kumi na moja hazijakolea
alipopata zile siku zake nne.
Nilizitia sahihi mwenyewe. Hakuna aliyedai cheti.
Numbi alipitisha kofia ya mchango
na kofia ikajaa upesi, noti juu ya noti,
hata mkurugenzi.

Siku ya nne, si ya tano, nilimkuta getini
kabla ya king'ora, amenyoa kichwa.
"Mazishi yamekwisha," akasema.
"Hii siku iliyobaki
mwandikie mtu ambaye wake bado anapumua."

Nilifungua kabati, nikapekua droo zote tatu,
yeye amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Fomu ya jambo hilo hatuna.